“Umeacha lini kuchelewa kazini?”: kanuni zinazotawala dhanio katika lugha

Swali hilo halina jibu salama. Ukijibu “mwezi uliopita”, umekiri kwamba ulikuwa na tabia ya kuchelewa. Ukijibu “sijaacha”, umekiri kwamba unaendelea nayo. Ukinyamaza, waliosikia wataondoka wakiamini kwamba ulikuwa unachelewa. Muulizaji naye hajadai kitu, kauliza tarehe tu. Ukimkabili atakwambia hajakuita mchelewaji, na ukiyachambua maneno yake moja moja utakuta kweli hakusema hivyo.

Kilichopita hapo bila kutamkwa ndicho kinachoitwa dhanio: jambo ambalo sentensi inalichukulia kuwa limekwisha kukubaliwa, ili ipate kusema au kuuliza jambo jingine. Wanafalsafa wa lugha wamebishana kwa zaidi ya karne moja juu ya asili yake. Mjadala unaotugusa zaidi katika maisha ya kila siku ni ule wa kanuni zake: msemaji ana ruhusa ya kudhania nini, msikilizaji ana wajibu gani, na dhanio likiwa la uongo nani abebe lawama. Makala hii inatetea msimamo kwamba kudhania ni tendo lenye mwenyewe, na mwenyewe huyo anawajibika kwalo kama anavyowajibika kwa kauli aliyoitamka waziwazi.

Namna ya kulinasa

Chukua sentensi “Asha ameacha kuvuta sigara.” Ndani yake mna mambo mawili: zamani Asha alivuta, na sasa havuti. Ikanushe: “Asha hajaacha kuvuta sigara.” Jambo la pili limeanguka, la kwanza limesimama palepale. Igeuze swali: “Je, Asha ameacha kuvuta sigara?” Itie sharti: “Asha akiacha kuvuta sigara, kifua kitatulia.” Itie shaka: “Huenda Asha ameacha kuvuta sigara.” Kote huko habari ya kwamba Asha alikuwa mvutaji haitikisiki. Jambo linalosalia katika mazingira yote hayo manne ndilo dhanio la sentensi.

Kipimo cha pili kilipendekezwa na Benny Shanon mwaka 1976, na baadaye Kai von Fintel akakipa umaarufu. Kinatumia mshtuko wa msikilizaji. Mtu akikwambia Asha ameacha sigara, unaweza kumkatiza: “Hebu ngoja, kwani Asha alikuwa anavuta?” Hiyo inakubalika. Lakini ukimkatiza kwa kusema “Hebu ngoja, sikujua kwamba ameacha”, atakushangaa, maana hiyo ndiyo habari aliyokuwa anakupa. Neno la kukatiza linagonga dhanio na kukiacha kiini cha kauli.

Kila lugha ina vichocheo vyake, yaani maneno na viambishi vinavyoleta dhanio. Kiswahili kina hazina kubwa. Vitenzi kama *acha*, *endelea*, *anza* na *rudia* vinadhania hali iliyotangulia. *Jua*, *juta*, *kumbuka* na *tambua* vinadhania kwamba kinachojuliwa au kujutiwa ni kweli. *Tena* inadhania kwamba jambo lilishatokea. Kirejeshi nacho: “Aliyeiba fedha za kikundi anajulikana” inadhania kwamba fedha ziliibwa. Hali ni hiyohiyo katika “Ni Hamisi aliyevunja kioo”, ambayo hata ikikanushwa (“Si Hamisi aliyevunja kioo”) inaacha kioo kimevunjika na mvunjaji yupo.

Kiambishi cha yambwa, yaani cha mtendwa, kinastahili uangalifu. “Uliona barua?” inauliza kama kuna barua yoyote iliyoonekana. “Uliiona barua?” inaelekea kuichukulia barua hiyo kuwa ipo na inajulikana kwetu sote wawili. Silabi moja imeingiza barua kwenye mazungumzo. Kwa nomino za watu na wanyama kipimo hiki hakitusaidii, kwa sababu huko kiambishi ni cha lazima: “ulimwona mtoto” tutasema, awe mtoto fulani au mtoto yeyote.

Halafu kuna *mbona*. “Kwa nini hukuja jana?” inadhania kwamba hukuja. “Mbona hukuja jana?” inadhania hilo na kuongeza jingine, kwamba kuja kwako kulitarajiwa. Ndiyo maana mtu anaweza kujibu kwa ukali “Mbona nini? Tulikubaliana lini kwamba nije?” bila kubishia hata kidogo kwamba hakuja. Amegonga dhanio la pili na kuliacha la kwanza.

Tahadhari: si kila dokezo ni dhanio. Kiambishi *-ja-* katika “hajaolewa” kinaashiria kwamba kuolewa kunasubiriwa, lakini mtu akisema “hajaolewa na hana mpango huo” hajajipinga. Hilo ni dokezo linalofutika. Jaribu kufanya vivyo hivyo kwa *acha*: “ameacha kuvuta, na hajawahi kuvuta.” Sentensi inavunjika mikononi. Anayemlaumu mwenzake kwa dhanio aanze kwa kujiuliza kama analoliona ni dhanio au ni dokezo, kwa sababu uwajibikaji wake haulingani.

Kutoka kwenye sentensi hadi kwa msemaji

Mwanafalsafa Gottlob Frege, katika insha yake ya mwaka 1892 kuhusu maana na kirejelewa (kitu ambacho neno linakitaja), alitoa mfano wa mwanaastronomia Kepler. Mtu akisema kwamba aliyegundua umbo la duaradufu la njia za sayari alikufa katika dhiki, anadhania kwamba yupo mtu aliyegundua. Frege akaonyesha kwamba dhanio hilo si sehemu ya kile kinachodaiwa. Lingekuwa sehemu, basi kuikanusha kauli kungekuwa kusema “ama hakufa katika dhiki, ama hakuna aliyegundua”, na hakuna anayeikanusha hivyo.

Bertrand Russell hakukubali. Mwaka 1905 aliandika kwamba “Mfalme wa sasa wa Ufaransa ana upara” ni madai matatu yaliyofungwa pamoja: mfalme yupo, yuko mmoja tu, na ana upara. Dai la kwanza likianguka, sentensi nzima ni ya uongo. Mwaka 1950 P. F. Strawson alimjibu kwamba mtu akikwambia hivyo leo kwa dhati, hutamwambia “uongo”; utamwambia Ufaransa haina mfalme, na suala la kweli au uongo halitazuka kabisa.

Ugomvi huo ulihusu sentensi. Mgeuko mkubwa ulikuja na Robert Stalnaker katika miaka ya 1970. Kwake, anayedhania ni mtu. Wazungumzaji wana msingi wa pamoja: mkusanyiko wa mambo ambayo kila mmoja anayakubali kwa ajili ya mazungumzo, anajua mwenzake anayakubali, na anajua kwamba mwenzake anajua hivyo. Kutoa kauli ni kupendekeza jambo jipya liingizwe kwenye msingi huo. Kudhania ni kuegemea lililomo tayari. Kanuni ya kwanza inatokana na hapo, nayo inaonekana nyepesi: usidhanie ambalo halimo katika msingi wa pamoja.

Ikichukuliwa kama ilivyo, kanuni hiyo inavunjwa na kila mtu kila siku. Unafika kikaoni umechelewa, unasema: “Samahanini, ilibidi nimpeleke dada yangu hospitali.” Hakuna aliyejua kwamba una dada. Hakuna anayekukatiza. Kila mtu anaongeza moyoni kwamba una dada, na kikao kinaendelea.

David Lewis alilieleza jambo hili mwaka 1979. Ukisema jambo linalohitaji dhanio fulani, na dhanio hilo halikuwepo, basi, ndani ya mipaka fulani na mambo mengine yakiwa sawa, linazaliwa papo hapo. Tuuite upokezi wa kimya. Lewis aliyalinganisha mazungumzo na mchezo wenye ubao wa alama, kisha akaonyesha tofauti kubwa: katika mchezo wa kawaida mchezaji akikosea, kosa linabaki kosa, lakini katika mazungumzo ubao wenyewe hujirekebisha ili kile kilichosemwa kiwe sahihi. Nguvu na hatari ya dhanio vinatoka hapo hapo.

Mipaka ya upokezi

Lewis hakuichora mipaka hiyo kwa kina. Wengine waliofuata wameichambua, na ukiitazama mifano inayofaulu na inayokwama, mambo manne yanajitokeza.

Kwanza, jambo lisiwe la kubishaniwa. Kuwa na dada ni jambo la kawaida. Ukisema “ilibidi nimpeleke twiga wangu kwa daktari”, kikao kitasimama. Pili, msemaji awe na mamlaka ya kulijua. Juu ya dada yangu mimi ndiye shahidi bora kuliko wote chumbani, kwa hiyo mnaniamini bila ushahidi. Juu ya dada *yako* sina mamlaka hayo, hasa mbele yako. Tatu, jambo lisiwe ndilo mada yenyewe. Kama kikao kimeitishwa kuamua iwapo mhasibu aliiba, kusema “fedha alizoiba mhasibu zilikuwa za mradi gani?” ni kulimaliza shauri kupitia mlango wa nyuma. Nne, jambo lisiwe zito kiasi cha kustahili kutangazwa lenyewe. Kijana akimpigia baba yake na kusema “Baba, leo sitafika, mwanangu anaumwa”, na baba hajui kwamba ana mjukuu, mamlaka yapo na ubishi haupo, lakini baba ana haki ya kukasirika. Habari ya namna ile hupewa sentensi yake yenyewe.

Sharti hilo la nne ndilo linaloonyesha vizuri zaidi kwamba tumo katika eneo la kanuni. Baba hakupotoshwa na ameelewa kila kitu. Analalamika kwamba ametendewa isivyostahili.

Vichocheo navyo havilingani kwa ugumu. Saul Kripke alionyesha hili kwa neno linalolingana na *pia* au *naye*. Fikiria mtu anaingia na kusema ghafla, “Juma naye anakula chakula cha jioni Nairobi leo.” Kama dhanio lingekuwa tu kwamba kuna mtu mwingine anayekula Nairobi, lingepokelewa bila shida, kwani mamilioni ya watu wanakula Nairobi kila jioni. Lakini msikilizaji anauliza: “Naye pamoja na nani?” Kichocheo hiki kinadai mtu mahususi aliyekwisha kutajwa au anayefikiriwa na wote. Upokezi wa kimya haukitoshi, kwa hiyo anayekitumia hana njia ya mkato: amtaje mtu huyo kwanza.

Kanuni yenyewe ni ipi?

Hapa wanafalsafa wanagawanyika. Kwa Stalnaker, hakuna haja ya kanuni ya pekee kwa ajili ya dhanio. Watu wenye akili timamu wanaoshirikiana hawategemei mambo ambayo mwenzao hayajui, kwa sababu hawataeleweka. Tatizo la dada anayepelekwa hospitali linatatuliwa kwa saa: Stalnaker na von Fintel wanasema dhanio si lazima liwe la pamoja kabla ya kutamka, inatosha liwe la pamoja kufikia wakati msikilizaji anapoipima kauli. Nikisema “dada yangu”, na wote wanatambua kwamba nachukulia ninaye, na wako tayari kuniamini, basi kufikia wakati wa kupima jambo limekwisha kuwa la wote.

Jibu hilo ni zuri kwa kesi zinazofaulu. Linapwaya kwenye zile mbaya. Muulizaji wa “umeacha lini kuchelewa” anaeleweka vizuri sana, na mara nyingi anapata alichokitaka. Kama kipimo ni kuelewana tu, hana kosa. Sote tunaona kwamba analo.

Manuel García-Carpintero anapita njia nyingine. Timothy Williamson alikuwa amependekeza kwamba kutoa kauli ni tendo linaloundwa na kanuni moja: toa kauli kwamba jambo ni hivi endapo tu unajua kwamba ni hivi. García-Carpintero anajenga juu ya wazo hilo. Kwake, kudhania ni tendo la usemi linaloambatana na tendo kuu, na lina kanuni yake: dhania jambo endapo tu ni maarifa ya pamoja. Anayedhania uongo amevunja kanuni hata kama amepokelewa kwa kimya. Anayedhania la kweli ambalo wenzake hawalijui amevunja pia, ila kosa lake hurekebishika papo hapo, na kwa kawaida hakuna anayelihesabu.

Marina Sbisà alikuwa amekwisha kusema kitu kinachokaribiana na hicho mwaka 1999, akichambua jinsi magazeti yanavyoeneza itikadi. Kwake dhanio ni jambo linalowasilishwa kama ambalo wasikilizaji *wanapaswa* kulishiriki. Ndiyo maana lina nguvu ya kushawishi: msomaji asiyelijua anajiona ndiye aliye nyuma, hivyo anajirekebisha yeye badala ya kumhoji mwandishi.

Kwa maoni yetu njia hii ya pili ndiyo inayoshika uzito wa jambo. Inaeleza kwa nini tunalaumu, na kwa nini “mimi sikusema hivyo” ni utetezi mwepesi: ndiyo, hukulidai, lakini ulilidhania, na kudhania kuna masharti yake. Inaacha ugumu mmoja, kwamba kanuni ya maarifa ya pamoja ni kali mno kwa mazungumzo ya kawaida, ambamo dada na watoto wa watu huingia bila kutangazwa. Lakini kanuni kali inayosamehe makosa madogo ni jambo tulilolizoea. Mwendo wa gari nao una kikomo, na askari wa barabarani hamsimamishi kila aliyekivuka kidogo.

Ipo pia kanuni inayoelekea upande wa pili, ambayo mwanaisimu Irene Heim aliiweka wazi mwaka 1991. Kama dhanio limo kweli katika msingi wa pamoja, na una maneno mawili yanayofaa, chagua lile linalolibeba. Tuseme sote tunajua kwamba mume wa Neema amesafiri. Ukisema “Neema anadhani mume wake amesafiri”, hujasema uongo, lakini wasikilizaji watatazamana. Ungeweza kusema *anajua*, na hukusema, kwa hiyo kuna kitu. Kukwepa dhanio lililo halali kunazua shaka ambayo pengine hukuikusudia. Kilicho halali kinategemea jamii pia: “mama yangu mmoja amefika” ingekuwa ajabu mahali ambapo kila mtu anahesabiwa mama mmoja, lakini kwa mwenye mama mkubwa na mama mdogo haina kasoro.

Tundu, kizibo, chujio

Dhanio likiwekwa ndani ya sentensi ndefu, je, linapenya hadi nje? Mwanaisimu Lauri Karttunen mwaka 1973 aligawa vipengele vya lugha katika makundi matatu. *Tundu* hupitisha dhanio: kikanushi, *huenda*, kitenzi *jua*. *Kizibo* hulizuia: vitenzi vya kusema kama *alisema* na *alidai*. *Chujio* hupitisha kwa masharti: *kama*, *na*, *au*. “Kama Salma ana mkopo, mkopo wake unamtesa” haidhanii kwamba Salma ana mkopo, kwa sababu sehemu ya kwanza imelichuja. “Salma ana mkopo, na mkopo wake unamtesa” nayo ni safi, kwani mkopo umetajwa kwanza kama kauli. Geuza mpangilio, “mkopo wa Salma unamtesa, na ana mkopo”, na sehemu ya pili inakuwa haina kazi.

Kwa mwandishi wa habari mgawanyo huu ni chombo cha kazi. “Mshukiwa alisema alimwona mlinzi” ni kizibo: gazeti halijachukulia kwamba mlinzi alionekana. “Mshukiwa alikiri kwamba alimwona mlinzi”, “alifichua kwamba…”, “alikumbusha kwamba…”: haya yanaelekea kulifanya jambo kuwa kweli kwa sauti ya gazeti lenyewe. Mhariri anayebadilisha *alisema* kuwa *alifichua* ili neno lisijirudie amebadilisha wajibu wa gazeti zima. *Alidai* nayo ina mzigo wake katika Kiswahili cha magazeti, kwani husikika kama shaka. Ukitaka kusimama katikati, *alisema* inatosha, hata ikijirudia mara sita.

Chujio nalo ni dawa nyepesi kwa msemaji mwaminifu asiyejua wenzake wanajua nini. Badala ya “wezi wa mradi wachukuliwe hatua”, sema “kama kuna walioiba, wachukuliwe hatua.” Dai limebaki na nguvu zake, na dhanio limetoweka.

Mahakamani, na akilini mwa shahidi

Sheria ilizijua kanuni hizi kabla ya wanaisimu. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, iliyorithi mengi kutoka kwenye sheria ya ushahidi ya India ya mwaka 1872, inaeleza swali elekezi katika kifungu cha 149: ni swali linalodokeza jibu analolitaka au kulitarajia muulizaji, au linalodokeza mambo yanayobishaniwa ambayo shahidi atayatolea ushahidi. Kifungu cha 150 kinazuia wakili kumwuliza shahidi wake maswali ya namna hiyo upande wa pili ukipinga, isipokuwa kwa idhini ya mahakama. Kisha kinasema mahakama itayaruhusu kwa mambo ya utangulizi, yasiyobishaniwa, au yaliyokwisha kuthibitishwa vya kutosha.

Linganisha na yaliyotangulia. “Yasiyobishaniwa” ni sharti la kwanza la upokezi. “Yaliyokwisha kuthibitishwa” ni msingi wa pamoja wa mahakama. Na kule kutegemea pingamizi la upande wa pili ni “hebu ngoja” iliyovalishwa joho. Wakili akiuliza “kisu alichokishika mshtakiwa kilikuwa na mpini wa rangi gani?” kabla ya shahidi yeyote kutaja kisu, ameingiza kisu mahakamani bila kukiapisha. Njia sahihi ni hatua tatu: “Uliona nini mkononi mwake?” Shahidi akisema kisu, “kilikuwaje?” Kisha rangi.

Sababu ya ukali huu ilipimwa na mwanasaikolojia Elizabeth Loftus. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1975, wanafunzi 150 walionyeshwa filamu fupi ya gari. Nusu yao waliulizwa gari lilikuwa na kasi gani lilipopita ghala kando ya barabara ya mashambani. Nusu nyingine waliulizwa kasi bila ghala kutajwa. Katika filamu hapakuwa na ghala. Wiki moja baadaye wote waliulizwa kama waliona ghala. Katika kundi la pili asilimia 2.7 walisema ndiyo. Katika kundi la kwanza, asilimia 17.3. Swali lilikuwa la kasi na macho ya akili yalikuwa kwenye kasi, kwa hiyo ghala likapita bila kukaguliwa. Upokezi wa kimya, ambao Lewis alikuja kuueleza kama kanuni ya mazungumzo, hapa umeacha alama kwenye kumbukumbu.

Wajibu wa msikilizaji, na gharama yake

Mwanafalsafa Rae Langton ameandika juu ya kuzuia: msikilizaji anayelitoa dhanio hadharani anaweza kulinyima nguvu kabla halijatulia. Kuzuia vizuri kuna utaratibu. Tafuta kwanza kichocheo, neno lenyewe lililobeba mzigo (*umeacha*, *tena*, *aliye-*). Kisha ligeuze dhanio liwe sentensi kamili: “Unachukulia kwamba nilikuwa nachelewa.” Halafu omba msingi wake: “Umepata wapi?” Usijibu swali la awali kabla ya hapo, hata kwa hapana. Kosa linalofanyika mara nyingi ni kukanusha kwa haraka, “hapana, sijaacha!”, na kama tulivyoona, kikanushi ni tundu.

Lakini kuzuia kuna gharama, na gharama hailipwi sawasawa. Anayekatiza anaonekana mkorofi, mwenye kuchimba maneno. Mtumishi mpya mbele ya mkurugenzi, kijana mbele ya wazee, mtuhumiwa mbele ya askari: kwao “hebu ngoja” si neno rahisi. Kuna namna za adabu, “Samahani mzee, kabla sijajibu, naomba tuelewane kwanza juu ya hilo la kuchelewa”, na zinasaidia. Hata hivyo, kukaa kimya kwa mtu ambaye hakuwa na nafasi ya kusema hakupaswi kuhesabiwa kuwa kukubali. Nadharia zinazosema dhanio huingia pale lisipopingwa ni sahihi kama maelezo ya yanayotokea. Zikichukuliwa kama kibali, zinampa mwenye cheo haki ya kuweka lolote kwenye msingi wa pamoja. Kwa hiyo kadiri msikilizaji anavyopungukiwa uwezo wa kuzuia, ndivyo msemaji anavyopaswa kuwa mkali kwa madhanio yake mwenyewe.

Fomu na dodoso ni mahali ambapo uwezo huo haupo kabisa, kwa kuwa karatasi haikatizwi. “Umeridhika kwa kiasi gani na maboresho ya huduma ya maji?” linamlazimisha asiyeona maboresho yoyote achague kati ya “sana” na “kidogo”, na “kidogo” yake itahesabiwa kama shukrani ndogo. Swali hilo lipasuliwe: “Je, katika miezi 12 iliyopita huduma ya maji imebadilika?” pamoja na chaguo la “haijabadilika” na “sijui”, kisha, kwa waliosema imebadilika, “imekuwa nzuri zaidi au mbaya zaidi?”, kuridhika kuje mwisho. Dodoso litarefuka. Majibu yatakuwa ya watu walioulizwa.

Linabaki suala la kurudisha. Kauli ina njia yake ya kufutwa: bungeni mtu huambiwa afute kauli, akaifuta, na kumbukumbu ikaonyesha hivyo. Dhanio halina utaratibu huo. Gazeti lililoandika “Kwa nini mkurugenzi alificha ripoti”, kumbe ripoti haikufichwa, likisahihisha kwa “sababu tulizozitaja za kuficha ripoti hazikuwa sahihi”, limelirudia kosa ndani ya sahihisho. Sahihisho linalofaa linalitoa dhanio na kulisimamisha kama dai (“kichwa cha habari kilichukulia kwamba ripoti ilifichwa”), linalikanusha lenyewe (“haikufichwa, ilikabidhiwa kwa bodi”), na halitumii tena kichocheo kilekile mahali pengine popote katika aya.